Ugonjwa wake ni mita ya LUKU

Mpwa wangu ana miaka 13 sasa, na ana usonji. Alipokuwa na 7 alikuwa na kawaida ya kutoka nyumbani kwao Ngamiani baada ya chai ya asubuhi, akaingia nyumba ya jirani bila hodi, akawapita watu waliokaa barazani, akasimama ukumbini chini ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Anaitazama taa yake nyekundu inavyowaka na kuzima. Midomo inacheza, anahesabu. Baada ya dakika mbili tatu anatoka, hamsalimii mtu, anaingia nyumba inayofuata.

Anayeijua Tanga anajua kwamba Ngamiani barabara zina namba badala ya majina. Kwa mtoto yule huo ulikuwa mji uliopangwa vizuri kupita miji yote: barabara ina namba, nyumba ina namba, na ndani ya kila nyumba kuna kiboksi chenye tarakimu 11 zisizofanana na za kiboksi kingine chochote. Majirani hakuwajua kwa majina. Aliwajua kwa tarakimu nne za mwisho za mita zao. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, mtu mwenye heshima zake, aliitwa "mbili saba sifuri tisa" mbele ya wageni waliokuja kuleta posa. Dada yangu alilia siku ile. Aliona mwanawe amemvunjia heshima bibi wa watu, na mtaa mzima ungesema hakumlea.

Kiswahili chetu kina usemi wa siku nyingi: mtu akipenda kitu kupita kiasi tunasema "ugonjwa wake ni huo". Ugonjwa wake ni mpira. Ugonjwa wake ni taarabu. Tanga kuna wazee ambao ugonjwa wao ni Coastal Union, na ukikaa nao kahawani watakusomea kikosi kilichotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, nani alitoa pasi, nani alifunga, mvua ilinyesha au haikunyesha Mkwakwani. Watarudia kesho na keshokutwa. Hakuna anayewapeleka kwa mganga. Tunacheka, tunawaongezea kahawa na kashata. Lakini mtoto wa miaka 7 akifanya vilevile kwa mita ya umeme, neno "ugonjwa" linaacha kuwa usemi na kuwa ugonjwa kweli. Nimekaa na jambo hili miaka sita, nikasoma nilichoweza kusoma na kuuliza nilioweza kuwauliza. Naandika nilichokielewa, kwa sababu najua kuna mama mwingine Makorora au Mikanjuni leo hii analia kama alivyolia dada yangu.

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna yake. Huanza kabla ya kuzaliwa na huendelea maisha yote. Huonekana katika njia ya mtu ya kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na katika upande wa pili ambao ndio mada yangu: kurudiarudia mambo, kutaka vitu vibaki vilevile, kuhisi sauti au mguso kwa ukali au kutouhisi kabisa, na kushikwa na shauku ya kitu kimoja kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka angalau dalili mbili kati ya hizo nne za upande huu. Maana yake ni kwamba shauku maalumu si sharti. Wapo watu wenye usonji wasio nayo kabisa, na mzazi asiseme "wangu hana mambo ya treni wala namba, basi si usonji".

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Huo ni wastani wa dunia. Ila ukiuchukua kama ulivyo, ukauweka juu ya watu wapatao milioni 2.6 waliohesabiwa mkoa wa Tanga katika sensa ya 2022, unapata zaidi ya watu 20,000, tangu Lushoto mpaka Pangani. Wako wapi? Wengine wako ndani, wamefungiwa. Wengi, naamini, wako mbele ya macho yetu na tumewapa majina mengine: mkaidi, bubu, zuzu, ana mambo yake yule.

Shauku yenyewe imeonekana tangu mwanzo wa elimu hii. Moscow, mwaka 1925, daktari Grunya Sukhareva aliandika kuhusu wavulana sita ambao leo tungesema wana usonji, na miongoni mwa mambo aliyoyaona ni kushikilia kwao jambo moja bila kuchoka. Kazi yake ilikaa kabatini miaka mingi bila kupewa nafasi yake, na hilo linaniuma, maana sifa zote zilikwenda kwa wanaume wawili waliokuja baadaye. Wa kwanza ni Leo Kanner wa Baltimore, aliyechapisha mwaka 1943 habari za watoto 11. Mtoto wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Kabla ya kufika miaka mitatu alikuwa anataja marais wa Marekani na makamu wao, na alipenda kuzungusha masufuria na vitu vya duara sakafuni. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi benki mjini kwao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Na alikuwa na kawaida ya kuwapa watu aliowafahamu namba, kila mtu yake. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia dada yangu simu usiku uleule. Nilimwambia, mtoto wako si wa kwanza, kuna mzee Marekani aliishi hivyo maisha yake yote na mji wake ukampenda.

Wa pili ni Hans Asperger wa Vienna, mwaka 1944, ambaye aliwaita watoto hao maprofesa wadogo. Mmoja alishikwa na namba, mwingine na mitambo, mwingine na sumu, akatafuta sumu kali mpaka akaipata. Asperger anasifiwa sana kwa kuona uzuri ndani ya shauku hizi, lakini utafiti wa historia uliochapishwa mwaka 2018 umeonyesha kwamba katika utawala wa Wanazi alipeleka baadhi ya watoto kwenye kliniki ya Spiegelgrund, mahali watoto walemavu walipouawa. Kwa hiyo mtoto aliyeonekana ana faida alisifiwa, na asiye na faida hakunusurika. Nitarudi kwenye hili la faida.

Kwa nini kitu kimoja, na kwa nini kwa nguvu hivyo? Maelezo yaliyonisaidia kupita yote yaliandikwa mwaka 2005 na Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, na yanaitwa monotropizimu. Murray na Lawson wenyewe walikuwa na usonji, na huenda ndiyo sababu maelezo yao yanakaa vizuri kuliko ya wanaotazama kwa nje. Wanasema umakini wa mtu una kiasi chake. Nitaieleza kwa lugha ya mpwa wangu. Kila akili ina umeme wake wa siku, yuniti zake. Wengi wetu tunawasha taa ya sebuleni, redio, friji na pangaboi kwa wakati mmoja, kila kimoja kinakula kidogo. Tunaongea na mgeni huku tunasikia chungu jikoni, tunajua mtoto yuko uani, tunakumbuka bado hatujaswali alasiri. Mwenye usonji anachomeka pasi. Umeme wote unakwenda hapo, na pasi inapata moto ambao taa zetu haziufikii hata siku moja. Lakini pasi ikiwa inafanya kazi, redio haisikiki. Ndiyo maana unamwita mara tatu haitiki. Hakudharau. Sauti yako haikupata umeme.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yaliyoonekana kiburi yanajieleza. Ukimwondoa kwa nguvu mbele ya kitu chake, kwake ni kama umeme kukatika ghafla katikati ya kazi: anapiga kelele, anajitupa chini, na watu wanasema kalegezwa na mama yake. Njia iliyofaa nyumbani kwa dada yangu ilikuwa kumpa taarifa mapema, kwa namba. "Taa ikiwaka mara 50, tunakwenda kula." Akihesabu 50, anakuja. Hatukugombana naye tena kwa hilo.

Halafu kuna suala la kwa nini mita, na si mpira kama watoto wengine. Dunia ya watu ni ngumu kwake. Uso wa mtu mmoja hubadilika mara mia kwa siku, neno moja lina maana tatu, "karibu chakula" wakati mwingine ni mwaliko na wakati mwingine ni adabu tu, na hakuna anayekwambia tofauti. Mita haina hayo. Mita ya kwao imeandikwa kwamba taa ikiwaka mara 1,000, yuniti moja imekwisha. Ni mara 1,000 leo, kesho na sikukuu. Ndiyo maana shauku nyingi za watoto hawa huangukia vitu vyenye kanuni: mapangaboi, ratiba za mabasi, bendera, kalenda, ramani, treni, majina ya dinosaria. Namfahamu kijana wa Sahare ambaye hujua saa za maji kujaa na kupwa kuliko manahodha wengine. Anajua kwamba kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, anajua bamvua itaangukia siku gani, na wavuvi wa soko la Deep Sea humuuliza. Namfahamu mwingine anayesoma namba za magari: akiona SU anajua ni shirika la umma, SM serikali za mitaa, DFP mradi wa wafadhili, PT polisi, na ukikosea anakurekebisha kwa uchungu wa kweli, kama umekosea aya.

Neno "ajabu" hapa linahitaji kuangaliwa. Kijana wa maji, mtaa wa wavuvi haukumwona wa ajabu. Ungemhamishia Dodoma angekuwa kichekesho. Shauku inaonekana ya ajabu kwa kadiri jirani anavyokosa matumizi nayo.

Nikija kwa wasichana, ndipo hasira yangu inapopanda. Wavulana wanaotambuliwa kuwa na usonji ni wengi kuliko wasichana, mara tatu au nne zaidi, na watafiti wengi sasa wanakubali kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni sisi kutowaona wasichana. Shauku zao mara nyingi huangukia vitu ambavyo msichana "anatakiwa" kupenda: wanyama, waimbaji, hadithi, nguo. Kitu ni cha kawaida, nguvu yake ndiyo si ya kawaida, na nguvu hatuipimi.

Kuna binti wa jamaa zetu kule Pangani ambaye ugonjwa wake ni kanga. Watu walifurahi: mtoto wa kike, anapenda kanga, kuna nini tena? Hawakugundua kwamba hakuzivaa. Kanga mpya yenye dondo ikimgusa shingoni anaitupa kama imemuunguza. Alichotaka ni kuziandika. Ana madaftari 14 ya kaunta, kila ukurasa una mistari mitatu: pindo, mji, jina. Pindo anaeleza maua yake au mistari yake. Mji anaeleza picha ya katikati. Jina analinakili herufi kwa herufi, na makosa ya kiwandani anayaacha vilevile. Anaweza kukwambia jina fulani limewahi kutoka kwenye miji mingapi tofauti, na lipi lilikosewa herufi lilipochapwa upya. Kwenye harusi hazungumzi na mtu, anawazunguka wanawake na kusoma migongo yao. Akina mama walimwona mpole, mwenye haya, mtoto wa adabu. Hapo katikati alikuwa anarudi nyumbani kila siku amechoka mpaka anatapika, kwa sababu mchana kutwa shuleni alikuwa anaigiza kuwa kama wenzake. Alifika miaka 16 ndipo mtu alipouliza swali sahihi, na aliyeuliza ni mwalimu wa elimu maalumu aliyekuja harusini tu.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa na shauku hii. La kwanza ni wasiwasi. Wengi wetu tunamjua mtu anayerudia udhu mara tano, sita, kila akimaliza anaona hakuosha sawasawa, mpaka sala inampita. Madaktari wana jina la hali hiyo na wana tiba yake, na inaweza kumpata mtu yeyote, mwenye usonji pia. Lakini mwenye wasiwasi anateseka. Anafanya akiwa hataki, anafanya kwa hofu, na ungemwondolea angekushukuru. Mpwa wangu mbele ya mita anatabasamu. Mabega yanashuka, mikono inatulia. Ukitaka kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, tazama uso kabla ya kutazama kitendo.

La pili ni mashetani, na Tanga siwezi kuliruka. Dada yangu alizunguka. Alimnywesha mtoto kombe, alifukiza ubani na udi, alikwenda mbali zaidi kwa mtu aliyemwambia jini la umeme limekaa kichwani na kutoka kwake kuna bei. Aliuza cherehani yake, chombo kilichomlisha. Sitamcheka na sitaki msomaji amcheke, kwa sababu kabla ya hapo alikwenda hospitali na akaambiwa mtoto atakua tu, aende nyumbani. Mama aliyekosa jibu kwenye mlango mmoja atagonga mwingine. Ninachosema ni kwamba dua ni dua, na mzazi amwombee mwanawe kila siku. Lakini kumfunga kamba, kumchanja, kumfukizia moshi mpaka akohoe damu ili apunguze kupenda kitu, huko ni kumuumiza mtoto mahali pekee anapopumzikia. Baada ya yule mganga, mpwa wangu aliacha kusema kwa miezi minne. Mita aliendelea kuzitazama, ila alikuwa anatetemeka.

Na sasa lile la faida. Ukisema usonji, siku hizi watu wa mjini wanakujibu haraka: ah, hao ndio wenye akili nyingi. Wanataja Stephen Wiltshire wa London, mchoraji anayeutazama mji kutoka kwenye helikopta na kuuchora kwa kumbukumbu, jengo kwa jengo. Wanamtaja Temple Grandin, aliyekwenda kwa shangazi yake Arizona akiwa kijana, akaona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwenye kizimba cha chanjo, akashikwa na vizimba hivyo mpaka watu wakamwona hana akili, na leo karibu nusu ya ng'ombe wa machinjio ya Marekani Kaskazini hupita kwenye mifumo aliyoibuni. Ni kweli, na mwalimu wake wa sayansi anastahili sifa: wengine walitaka shauku ile ikatwe, yeye akamwambia asome sayansi ili aielewe.

Lakini vipaji vya kupindukia vya aina hiyo, makadirio yanayotajwa sana huviweka kwa mtu mmoja hivi kati ya kumi wenye usonji. Tisa waliobaki wana shauku tu. Kijana anayependa vifuniko vya soda, anavipanga kwa rangi barazani, anavipangua, anavipanga tena, hatakuwa mchoraji wa London. Wala hatuna haki ya kumdai awe. Nimewaona wazazi ambao, wakishaambiwa mtoto ana "kipaji", wanamgeuza onyesho: njoo useme tarehe hii ilikuwa siku gani, mjomba asikie. Mtoto anajibu, wageni wanashangaa, kisha wanarudi kwenye maongezi yao na yeye anaachwa amesimama. Furaha ya mtu ni faida ya kutosha. Watafiti waliowauliza watu wazima wenye usonji walikuta kwamba kuwa na shauku hizi huendana na maisha yenye utulivu na raha zaidi, isipokuwa pale zinapokuwa kali mno hadi kufunga njia ya mambo mengine.

Huko kufunga njia kupo, sikufichi. Kwetu kulikuwa na hatari mbili. Moja ni umeme wenyewe: alitaka kujua ndani ya kiboksi kuna nini, na siku moja tulimkuta na bisibisi. Nyingine ni majumba ya watu. Mtoto wa miaka 7 anayeingia ukumbini anasamehewa. Kijana wa miaka 17 akifanya hivyo ataitiwa mwizi, na mitaani kwetu tunajua anayeitiwa mwizi hupata nini. Hofu hiyo ndiyo ilimkosesha dada yangu usingizi, na ndiyo iliyotufanya tukae chini na mwalimu wake.

Mwalimu yule wa kitengo cha elimu maalumu hakutaka kuiondoa mita. Alitunga kanuni, akaziandika kwa kalamu nene na kuzibandika chini ya mita ya nyumbani, kwa sababu mtoto huyu huheshimu kilichoandikwa. Mita haiguswi, hutazamwa. Mita ya mtu huombwa. Na kuomba kuna hatua: hodi, kisha shikamoo, kisha subiri marahaba, kisha "naomba kuona mita". Miaka yote tulimpigia kelele asalimie, tukamfinya, tukamwambia anatutia aibu, na shikamoo haikutoka, kwa sababu kwake lilikuwa neno lisilofungua kitu. Lilipowekwa kwenye njia ya kufikia mita, alilishika ndani ya siku mbili. Wapo wanaosema hilo ni kumfundisha unafiki. Mimi nawauliza ni nani kati yetu alifundishwa shikamoo kwa njia nyingine. Sote tulipewa kwanza neno, upendo ukaja nyuma.

Hesabu nazo zilipitia mlango uleule. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti moja, taa ya mita inawaka mara 1,000. Kwa dakika moja ni mara 17 hivi. Alijifunza kugawanya hapo, kwa raha, mtoto ambaye hakuwahi kukaa na machungwa matano ya kwenye kitabu. Tahadhari moja tu mwalimu aliitilia mkazo sana: tusiifanye shauku kuwa fimbo. "Ukikosea, leo huoni mita." Ukimwondolea mtu pumziko lake kila anapokosea, atakosea zaidi, na mwisho atakificha anachokipenda. Kuna walimu wanaotumia shauku kama zawadi ya kazi nzuri, na tafiti zinaonyesha inafanya kazi. Mimi nabaki na mwalimu wetu. Saa moja ya jioni ni yake, amefanya vizuri au amefanya vibaya.

Kisha ukaja mwaka 2024. Watakaokumbuka, mita zote za kulipia kabla za mfumo huu duniani zilitakiwa kusasishwa kabla ya Novemba 24 mwaka ule. Tokeni, yaani zile namba unazonunua na kuziingiza kwenye mita, ndani yake zina saa inayohesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengewa saa hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, zikiisha inarudi sifuri. Ukinunua umeme ulipokea makundi matatu ya namba: ingiza tarakimu 20 za kwanza, ingiza 20 za pili, ndipo uingize 20 za umeme wenyewe. Tarakimu 60 kwa kidole, kwa bibi wa miaka 70 mwenye mtoto wa jicho, kwenye kioo kidogo, ukumbini kwenye giza. Ukikosea moja, unaanza upya.

Aliyemwita wa kwanza alikuwa bibi wa nyumba ya tatu. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa dada yangu, ameshika simu kwa mikono miwili, akasema, "Mama, naomba yule mjukuu wangu anisaidie." Mtoto alikwenda, akasema hodi, akasema shikamoo bibi, akasubiri marahaba. Alisomewa namba mara moja, akaziingiza zote 60 bila kutazama simu tena. Wiki zile hakupumzika. Mtu mzima aliyeelewa kwa nini mita zinasasishwa mtaa ule hakuwepo, isipokuwa yeye, naye aliwaeleza wote, wakitaka wasitake, kuhusu zile dakika milioni 16.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata aliacha. Hatukuona sababu. Asubuhi moja alipita chini ya mita yao bila kuinua macho, na kesho yake vilevile. Shauku hizi hufanya hivyo: nyingine hukaa miaka 40, nyingine huondoka kama mgeni asiyeaga. Sikutegemea kwamba sisi ndio tungepata simanzi. Dada yangu aliniambia nyumba imekuwa kimya, na bibi wa nyumba ya tatu aliulizia mara mbili kama mtoto anaumwa.

Sasa ni reli. Alianza na mngurumo wa mabehewa usiku, akafika kwenye tarehe. Wajerumani walianza kujenga hapa Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Aliniuliza kwa nini kutoka Muheza hadi Korogwe, mwendo mfupi vile, ilichukua miaka sita. Nikasoma usiku kucha: kampuni iliyoanza iliishiwa fedha, serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Nilimletea jibu asubuhi. Alisikiliza akiwa ameangalia ukuta, kisha akauliza upana wa reli. Meta moja kamili, nikasema, na akatabasamu tabasamu lile la zamani.

Jumamosi tunakwenda Pongwe. Anataka kuhesabu mataruma, sisi tukitembea kando, hatukanyagi reli, ameiandika kanuni hiyo yeye mwenyewe. Ameniagiza nivae viatu vya kufunga na nije na maji. Tutaanza saa moja kamili asubuhi.